Kutoka kasri hadi Gikomba: Nani anahifadhi maneno ya samani zetu?

NENO samani halina bahati. Wanaoandika hulichanganya na thamani, nao wanaozungumza hulikwepa na kusema fanicha. Ukifika Gikomba, katika karakana za mbao zilizobanana upande wa mto, ukauliza bei ya samani, huenda ukatazamwa kwa mshangao. Sema fanicha nawe utajibiwa papo hapo: “Karibu boss, hii kitanda ni ya tano kwa sita, mbao ni saipresi, hedibodi tunakupea na kushoni.”

Thamani ni neno la Kiarabu, na maana yake ni kima cha kitu. Samani limetufikia kutoka Kiajemi kwa njia ya India, na hapo zamani lilibeba vitu vingi: vyombo vya nyumba, vifaa vya kazi, hata zana za fundi. Baadaye likajibana kwenye viti, meza, vitanda na makabati. Kwa hivyo anayeandika “thamani za ndani” akikusudia viti na meza amekosea, lakini anayesema fanicha hajakosea. Amekopa tu, kama waliomtangulia walivyokopa samani.

Swali ninalotaka tulijadili leo linazidi hilo la samani na fanicha. Kila kiti kina sehemu zake, na kila sehemu ina jina. Kila chumba kina kona zake, nazo kona hizo zina majina. Je, ni nani mwenye maneno hayo? Ni msomi wa makumbusho, mtunga kamusi, au fundi anayepiga randa juani? Jibu linaanzia mbali kidogo, katika kasri la wafalme wa China. Huko wasomi wa makumbusho walilazimika kulijibu swali hili kabla yetu.

Kiti kilichopotea nyumbani kwake

Kasri la Beijing lilijengwa kati ya mwaka 1406 na 1420, wakati wa Yongle wa nasaba ya Ming. Wafalme 24 walitawala wakiwa mle. Mnamo 1925 likawa makumbusho. Katika ukumbi wake mkuu, uitwao Taihedian, pana kiti cha kifalme kilichonakshiwa kwa majoka na kupakwa dhahabu. Mgeni anayekitazama leo angeapa kwamba hakijawahi kusogezwa hata shubiri moja.

Kilisogezwa. Mwaka 1915 Rais Yuan Shikai alipania kujitawaza awe mfalme. Kiti cha wafalme wa kale kikaondolewa ukumbini, pahali pake pakawekwa kiti kipya chenye sura ya Kizungu. Ufalme wa Yuan ulidumu siku 83 tu. Yeye akaenda zake, lakini kiti cha asili kikawa hakijulikani kilipo.

Aliyekipata ni Zhu Jiajin, msomi wa makumbusho hayo aliyeishi kati ya 1914 na 2003, ambaye alijulikana kwa kuchunguza jinsi vyumba vya kasri vilivyopambwa na kupangwa zamani. Mwaka 1959 alitumia picha ya ukumbi huo iliyopigwa mwaka 1900. Akailinganisha na marundo ya samani mbovu zilizokuwa zimetupwa ghalani, hadi akakitambua kiti chenyewe kikiwa kimevunjikavunjika. Mafundi wakakikarabati kati ya 1963 na 1964, na ndicho kinachoonekana leo.

Kisa hiki hupendwa kwa sababu ya ile picha. Hata hivyo picha huonyesha umbo tu. Fundi anayetaka kukirudisha kiti katika hali yake ya kwanza sharti ajue kila kipande kinaitwaje, kimeungwa na kipi, na kwa kiungo cha namna gani. Maarifa hayo yanakaa katika maneno.

Hapa ndipo anapoingia msomi mwingine, Wang Shixiang, aliyezaliwa mwaka huo huo wa 1914 na ambaye pia aliwahi kufanya kazi katika Makumbusho ya Kasri. Wang alitafiti samani za enzi ya Ming, na vitabu vyake vikuu kuhusu somo hilo vilitoka mwaka 1985 na 1989. Alisoma maandishi ya kale, ndiyo. Lakini pia aliwaendea mafundi wa Lubanguan, sehemu ya Beijing iliyosifika kwa karakana za kukarabati samani kuukuu, akawauliza: hiki mnakiitaje? Na hiki? Majina aliyoyapata aliyalinganisha na yale ya kanuni za ujenzi zilizoandikwa kwa ajili ya mafundi wa serikali ya kifalme. Kutokana na kazi hiyo akatunga faharasa kubwa ya istilahi, ambayo watafiti wa samani za China wangali wanaitegemea.

Tazama mpangilio wa kazi hiyo. Samani ni za mfalme, ila mwenye maneno ni fundi. Msomi ni mpokezi.

Gedi: nyumba zisizo na majina

Na sisi je? Pwani ya Kenya ina makasri yake. Lililochunguzwa mapema ni la Gedi, karibu na Watamu katika Kaunti ya Kilifi. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimbua magofu hayo kuanzia 1948 hadi 1958, na baadaye akawa msimamizi wa kwanza wa makumbusho ya Fort Jesus, Mombasa. Mwaka 2024 Gedi iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Turathi za Dunia.

Kirkman alikuta kasri lenye kuta za mawe ya matumbawe na nyua za kupokelea wageni, msikiti mkuu, visima, na majumba ya matajiri yaliyojengwa kwa kushikamana. Kaburi moja lina tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Hata hivyo, wenye nyumba walikuwa wameuhama mji huo zamani, na hapakuwa na mtu wa kumwambia, “Hii ilikuwa nyumba ya fulani.” Basi akazipa nyumba majina kwa kufuata vitu alivyookota ndani yake. Akafanya hivyo kwa Kiingereza.

Sasa hebu tuyatie Kiswahili majina hayo, uone kazi ilivyo. Iko Nyumba ya Mkasi, hiyo haina tatizo. Iko Nyumba ya Taa ya Chuma. Iko nyumba ya kisanduku kidogo cha pembe za ndovu, na hapo Kiswahili kinatupa neno zuri, kijaluba: Nyumba ya Kijaluba cha Pembe. Iko nyumba iliyopewa jina la sarafu za China, zile zenye tundu la mraba katikati. Kiingereza kinaziita sarafu hizo kwa neno lile lile ambalo kwetu limekuwa keshi. Mfasiri mwenye haraka ataandika Nyumba ya Keshi, na msomaji wa Nairobi ataelewa kwamba mwenye nyumba hiyo hakukopesha!

Mtihani mgumu zaidi ni nyumba mbili. Moja ilipewa jina la makombe madogo ya baharini yang’aayo, ambayo kwa Kiswahili ni kauri. Nyingine ilipewa jina la bakuli la udongo mweupe wa China, nalo kwa Kiswahili ni bakuli la kauri. Lugha yetu inaita vitu viwili kwa jina moja. Je, ni upungufu? La hasha. Neno la Kiitaliano lililozaa jina la vyombo hivyo katika lugha nyingi za Ulaya nalo lilikuwa jina la kombe lile lile. Walioyaona mabakuli ya China kwa mara ya kwanza waliona mng’ao wa kombe la bahari. Kwa hivyo tuna Nyumba ya Kauri na Nyumba ya Bakuli la Kauri, na anayeyasikia majina hayo mawili kwa Kiswahili anapata jambo ambalo vibao vya Kiingereza havimpi. Anatambua kwamba kitu cha pwani kilikipa jina kitu cha ng’ambo.

Tusitie chumvi lakini. Vipande vya vyombo vya China ni sehemu ndogo ya vigae vinavyochimbuliwa katika miji ya kale ya pwani. Vingi zaidi ni vyungu vilivyofinyangwa hapa hapa. Uchache huo ndio uliovipa heshima. Mambrui, kaskazini mwa Malindi, kuna nguzo ya kaburi iliyopachikwa mabakuli ya China. Biashara ilikwenda pande zote mbili: mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifika China, wakati huo huo kasri la Beijing likijengwa. Leo katika masoko yetu mtu akisema “hiyo ni ya China” mara nyingi anakuonya kwamba haitadumu. Miaka 600 iliyopita maneno kama hayo yangekuwa sifa ya kutiwa kaburini.

Lamu: mahali ambapo maneno yangali hai

Gedi ilikosa wa kuulizwa. Lamu haikukosa. Mji huo, ambao uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2001, una watu ambao bado wanaishi katika majumba ya mawe ya mababu zao. Kwa hivyo James de Vere Allen, aliyesimamia Makumbusho ya Lamu miaka ya 1970, aliweza kuandika kuhusu nyumba na samani akitumia majina ya wenyewe.

Mgeni huanzia daka, yaani kibaraza cha mlangoni chenye mabenchi ya mawe. Kisha huingia kiwanda. Halafu hufuata msana wa tini na msana wa yuu, kumbi ndefu nyembamba zinazofuatana, mpaka kufika ndani, chumba cha faragha kuliko vyote. Katika Kiamu tini ni chini, na yuu ni juu. Ukutani huko ndani mna zidaka, safu za vishubaka vilivyochongwa kwa lipu, ambamo vyombo vya kauri hupangwa. Z ya Kiamu hapo ni vi ya Kiswahili sanifu: zidaka ni vidaka, umoja kidaka. Mtafiti Linda Donley-Reid, aliyezichunguza nyumba hizo baadaye, alieleza kwamba vyombo hivyo havikuwa pambo tu. Wenyeji waliamini kwamba hukinga jicho la husuda, na sahani ikipasuka imelipokea dhara ambalo lingempata mtu.

Sasa simama kwenye neno kiwanda. Kwa Mkenya wa leo kiwanda ni mahali penye mitambo, bomba la moshi na lango lenye bawabu. Katika nyumba ya Lamu, kiwanda ni ua wa ndani usioezekwa, uliowazi kwa jua na hewa. Kamusi za zamani nazo zinasema kiwanda ni uwanja au mahali pa kufanyia kazi. Maana ya mashine ilikuja baadaye. Kwa kipimo hicho, anayefanya kazi pale Gikomba chini ya jua, akiwa na benchi lake na randa yake, yuko katika kiwanda kwa maana ya kale ya neno hilo. Sisi tumempa jina la jua kali tukidhani tumebuni jambo jipya.

Samani iliyomshughulisha sana Allen ni kiti cha enzi. Makala yake juu ya kiti hicho na viti vingine vya Waswahili ilitoka katika jarida la African Arts mwaka 1989. Ni kiti kipana cha mbao nyeusi kama mpingo, chenye egemeo refu lililonyooka, mikono ya kuegemea na pa kuwekea miguu. Nafasi zilizo katikati ya mbao hufumwa kwa kamba nyembamba, na mbao zenyewe hutiwa njumu za pembe au mfupa. Umbo lake limezua mjadala kuhusu asili: wapo wanaotazama Misri ya Mamluki, wapo wanaotazama India, na wapo wanaotazama Ureno. Kwa vyovyote, mahali pake palikuwa nyumbani mwa waungwana. Alikalishwa mtu wa heshima.

Ni nini hiyo enzi? Wengi wetu tunalijua neno hili katika “enzi za mkoloni” au “enzi zile”, yaani kipindi. Hiyo ni maana iliyokua. Mzizi ni neno la Kiarabu lenye maana ya nguvu na utukufu. Ndiyo maana tunasema Mwenyezi Mungu, na Mwenyezi ni mwenye enzi, si mwenye kipindi. Kipindi cha mwenye nguvu kilipoanza kuitwa enzi yake, neno likateleza kutoka utawala hadi wakati. Kiti cha enzi basi ni kiti cha utukufu. Wafasiri wa Biblia walilichukua jina la kiti walichokijua wenyeji wa pwani wakalitia mbinguni, na hivi sasa maelfu ya Wakenya hulitaja neno hilo kila Jumapili bila kujua kwamba lina umbo, mbao na kamba. Kabla ya kuwa sitiari lilikuwa jina la kitu alichokiunda fundi.

Kinachopotea Gikomba

Sasa turudi kwenye kitanda cha tano kwa sita. Kiswahili kina majina ya sehemu zote za kitanda. Mguu wake ni tendegu. Mbao ndefu za ubavuni ni mifumbati. Vipande vifupi vinavyofunga kichwani na miguuni ni vitakizo. Upande wa kulaza kichwa ni mchago. Vibao vinavyobeba godoro ni chaga. Kwa Waamu kitanda chenyewe kilikuwa ulili. Meza nayo ina mtoto wa meza, lile sanduku la kuvuta ambalo Nairobi tunaliita drowa. Ulimi wa ubao huingia tunduni kufanya kiungo kisichohitaji msumari.

Ni fundi wangapi wa Nairobi wanaoyatumia maneno haya? Wachache sana. Wao wana hedibodi, saidi, siti na drowa. Usiwalaumu. Walijifunza kazi kwa kutazama mikono ya mwingine, na aliyewafunza alifunzwa na mtu aliyefanya kazi kwa Mzungu au kwa Mhindi. Vyuo vya ufundi navyo hufunza na kutahini kwa Kiingereza. Lakini pia usidhani kwamba karakana haina Kiswahili. Utasikia randa, msumeno, patasi, tupa, gundi na msasa. Neno msasa ni la kupendeza hasa: ni jina la mti wenye majani yanayokwaruza, ambayo mafundi wa zamani walisugulia mbao. Karatasi ya dukani ilipokuja ikapokea jina la jani. Fundi anayesema “piga hiyo msasa vizuri” amebeba habari ya zaidi ya karne moja bila kuihesabu.

Kuna na maneno yanayozaliwa pale pale. Mbao za kuvunjiwa, zile zinazotokana na vichanja vya kupakilia mizigo, zina majina yake. Namna za kushona kochi zina majina yake. Hitilafu za mbao, ikiwa imepinda, imepasuka au ina macho, zina lugha yake, na anayejua lugha hiyo hadanganywi kwa bei. Sehemu kubwa ya maneno haya haimo katika kamusi yoyote, kwa sababu mtunga kamusi anapita Gikomba akitafuta nguo.

Waswahili walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayeandika istilahi za useremala akiwa ofisini, bila kusimama penye benchi la fundi, hutunga maneno ambayo hakuna atakayeyatumia. Naye fundi asiyefikiwa na maneno ya Lamu hulazimika kukopa jina la kitu ambacho lugha yake ilikitaja tangu kale. Pande zote mbili zina hasara.

Na muda haungoji. Gikomba imeungua mara nyingi. Moto wa Juni 28, 2018 uliua watu 15. Kila moto unapopita, watu huhesabu mbao, mashine na bidhaa zilizoteketea, na ni haki yao. Lakini kuna fundi anayeondoka baada ya moto na kurudi mashambani, asishike randa tena. Huyo huenda na maneno yake, na hayaingii katika hesabu ya hasara.

Kazi inayotakikana si kubwa. Mwanafunzi wa Kiswahili wa chuo kikuu anayetafuta mada ya tasnifu achukue daftari na simu, aende karakana kumi, aulize swali la Wang Shixiang: hiki mnakiitaje? Ayaandike majibu yote, ya Kiswahili sanifu, ya Sheng na ya kukopa, bila kumsahihisha mtu. Kisha ayapeleke Lamu, Mombasa na Zanzibar kwa mafundi wa huko, ayalinganishe. Makumbusho nayo yaandike vibao vya Gedi na Lamu kwa Kiswahili kamili, ili mtoto kutoka Majengo au Kaloleni akifika huko katika ziara ya shule asome kidaka, kiwanda na kiti cha enzi kama alivyoviita mwenye nyumba. Mtoto huyo huyo, akiwa seremala kesho, atakuwa na jina la tendegu kabla hajalichonga.

Kiti cha Beijing kilirudi ukumbini kwa kuwa picha ya mwaka 1900 ilikuwapo na mafundi walikuwapo. Sisi viti tunavyo, na mafundi tunao. Kilichobaki ni kuwauliza.